Nani Atie Saini? Kisa cha Nyumba Moja ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo

Nyumba ninayotaka kuieleza iko Barabara ya India, Bagamoyo, si mbali na Boma la Wajerumani. Namba yake siitaji, jina la familia siitaji, na vitu viwili vitatu ambavyo vingewatambulisha wenyewe nimevibadilisha kwa makubaliano nao. Naieleza kwa urefu kwa sababu miji yetu ya pwani yenye nyumba za mawe, Pangani, Kilwa Kivinje, Mikindani, yote ina nyumba za namna hii, na kila mahali wapo watu wachache wanaojitolea kuzitetea. Watu hao moyo wanao. Ninachotaka kuwaonyesha ni mahali ambapo juhudi zao huishia bila nyumba kupona, ingawa kila mmoja amefanya wajibu wake.

Kikundi chetu cha kuhifadhi mji ni kidogo: walimu wastaafu, vijana wanaotembeza wageni, fundi mwashi mmoja, mama lishe wa karibu na soko la samaki ambaye anajua habari za kila nyumba kuliko sisi sote, na mimi ninayeandika mihtasari. Kazi zetu ni zile zinazojulikana. Tunawatembeza wanafunzi Ngome Kongwe, Boma, magofu ya Kaole, na kule misheni ambako mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua makao yao mwaka 1868. Tunapiga picha nyumba za zamani na kuziandika daftarini. Mtu akitaka kubandika vigae kwenye ukuta wa mbele, tunakwenda kuzungumza naye, na asiposikia tunakwenda ofisi ya kata. Idara ya Mambo ya Kale tunaiandikia barua. Fedha zetu ni michango ya wanachama na kidogo wanachoacha wageni.

Asiyeujua mji huu aelewe jambo moja. Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora, na karne ya 19 pembe za ndovu na watu waliotekwa walipitishwa hapa kwenda Unguja. Wajerumani waliifanya makao makuu yao, kisha mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam, kwa kuwa kina cha maji hapa ni kifupi na meli kubwa hazikaribii. Boma la mwaka 1897 lilisimamishwa katika mji ambao biashara ilikuwa imeanza kuuhama. Wafanyabiashara wa Kihindi waliojenga nyumba za ghorofa, duka chini na makazi juu, wakafuata bandari mmoja mmoja, na nyumba zao zikaja kununuliwa na watu wa kawaida: makarani, wavuvi wenye majahazi, wenye mashamba ya minazi. Mzee wa nyumba hii naye alinunua hivyo, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihamia Dar. Mwaka 2006 Tanzania iliipeleka njia hiyo ya biashara ya watumwa na pembe, Bagamoyo ikiwemo, kwenye orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO. Heshima hiyo ni yetu sote, lakini anayenunua bati la paa ni mwenye nyumba.

Mnunuzi wa mlango

Kisa chenyewe kilianza na mlango. Alikuja mtu kutoka Dar es Salaam na gari la mizigo, akazungumza na binti wa pili wa familia kwa simu, akaahidi shilingi milioni tatu taslimu na mlango mpya wa mninga wa kuziba nafasi. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha mbele akayasikia mazungumzo, akamwambia mama lishe, na kabla ya adhuhuri sisi tulikuwa barazani.

Juu anaishi Bibi, mjane wa mzee, umri wake umepita miaka themanini, pamoja na binti yake mkubwa.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kwa ajili ya mlango, siyo?" Akatuangalia kwa zamu. "Kila anayekuja hapa ni mlango. Paa hamjaliulizia."

Neno hilo niliandika siku ileile, na katika yote yaliyosemwa baadaye sijaona lililokaribia ukweli zaidi.

Mlango wenyewe ni kitu cha kutazamwa, sikatai. Mbawa mbili za mbao nzito, mfaa, yaani ubao wa katikati, uliochongwa maua kutoka juu hadi chini, na kwenye miimo mnyororo unaopanda upande mmoja, unavuka juu na kushuka upande wa pili. Umepakwa rangi ya mafuta ya kijani mara nyingi mno, kiasi kwamba majani madogo ya nakshi yamejaa rangi na kuvimba. Kijana wetu mmoja alipitisha kitambaa chenye maji kwenye ubao wa juu, akangoja jua la alasiri lipige kwa ubavu, na chini ya rangi zikaonekana tarakimu nne za Kiarabu: 1314. Mwaka huo wa Hijria uliangukia kati ya Juni 1896 na mwanzo wa Juni 1897, yaani mlango ulichongwa siku zilezile Boma lilipokuwa likijengwa.

Tarehe hiyo ilikuwa na maana kubwa kwetu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inauhesabu mlango wa kuchonga, pamoja na fremu yake, uliotengenezwa kabla ya mwaka 1940 kuwa kitu kinacholindwa, na kuutoa nje ya nchi bila leseni ni kosa. Mwalimu wetu mmoja alimpigia yule mnunuzi, akamsomea sheria kwa upole. Mnunuzi hakubisha. Alisema mlango hautoki nchini, unakwenda kwenye hoteli, na anayeuza ni mwenyewe.

Kikaoni usiku ule hoja zilikuwa kali. Wengine walitaka twende polisi. Wengine walisema tukusanye fedha tuununue sisi, tuuhifadhi ofisini kwetu na maelezo yake kwenye fremu ya kioo. Wazo hilo lilipata watu wengi, na ninaelewa kwa nini: linatoa jawabu ndani ya wiki moja, na mwishoni kuna kitu cha kuonyesha. Aliyelivunja ni yule mwalimu wa simu. "Tukiung'oa sisi kwa nia njema," alisema, "tumeung'oa." Nakubaliana naye mpaka leo. Mlango wa kuchonga ulitengenezwa kuonyesha hadhi ya nyumba fulani katika mtaa fulani. Uking'olewa unabaki uchongaji mzuri wa mbao, na nyuma unaacha tundu ambalo mwakani litakuwa geti la chuma.

Alichokiona fundi

Fundi mwashi hakuutazama mlango hata mara moja. Aliomba ngazi, akazunguka uani.

Mabati yalikuwa yameoza kwenye misumari, lakini si hilo lililomkalisha juu kwa muda mrefu. Kati ya paa na kiukuta cha juu kuna mfereji wa kupitishia maji, nao ulikuwa umejaa majani ya mwarobaini yaliyogeuka udongo. Maji ya mvua yakifika pale hayana pa kwenda isipokuwa kushuka ndani ya ukuta. Na ukuta wa nyumba hizi ni mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, unene wake karibu urefu wa mkono. Unavumilia mvua ya usoni miaka mia. Mvua inayoingilia juu ya kichwa chake hauivumilii.

Kulikuwa na la pili, ambalo nalieleza kwa kirefu kwa sababu linarudiwa mji mzima. Miaka kadhaa nyuma familia ilijinyima ikapiga plasta ya saruji ukuta wote wa nyuma, kwa nia ya kuuimarisha. Saruji ni ngumu na haipitishi maji. Tumbawe ni jiwe lenye vitundu, tena lina chumvi ya bahari ndani yake. Ukuta uliopakwa chokaa unakunywa maji wakati wa masika na kuyatoa jua likiwaka. Uliofunikwa kwa saruji unakunywa kupitia nyufa na juu ya kichwa chake, kisha maji yanakosa njia ya kutokea. Yanapokauka polepole, chumvi inaganda nyuma ya plasta, inatanuka, na jiwe linamenyeka na kuwa unga. Fundi aligonga plasta kwa kishikio cha nyundo na ikaitikia kama ngoma tupu. Akabandua kipande: nyuma yake hapakuwa tena na ukuta wa kushikilia plasta, palikuwa na mchanga mweupe uliomwagika miguuni mwake.

Kisha akaingia chumba cha chini na kutazama dari. Sakafu ya ghorofa imebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya nyumba za mawe za pwani ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Akapanda kwenye kiti, akatoa kisu. Katikati ya boriti kisu hakikuingia hata kidogo. Akasogea hadi pale boriti inapozama ukutani, akasukuma, na kisu kikaingia mpaka kwenye mpini. Boriti ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Mti ulikuwa mzima na vichwa vyake vimeoza kwa unyevu wa ukuta.

"Masika mawili," alisema. "Labda moja."

Hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu, na wakati huo lilikuwa katika ukarabati. Kama jumba lile, lenye serikali nyuma yake na macho ya dunia mbele yake, halikusubiri, nyumba ya mjane wa Barabara ya India ingesubiri nini?

Fomu isiyo na mtu wa kuijaza

Hapa ndipo kisa kinapogeuka. Tulikuwa na mahali pa kuomba fedha: mfuko mmoja unaosaidia majengo ya kale, na watu wake walishapita Bagamoyo na kuipenda barabara ile. Fomu haikuwa ngumu. Picha tulizo nazo, makadirio ya fundi tunayo, historia ya nyumba mwalimu anaiandika kwa usiku mmoja. Ukurasa wa mwisho ulitaka nakala ya hati na saini ya mwenye nyumba.

Hati ilikuwepo, imekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kwenye sanduku la Bibi. Jina lililoandikwa ni la mzee, na mzee alikwishafariki zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Mirathi haikufunguliwa. Binti mkubwa akasema hawezi kutia saini bila wadogo zake. Bibi akasema yeye ni mjane tu, wenye nyumba ni watoto. Kijana wa kiume yuko Muscat. Binti wa pili yuko Dar, wa tatu Unguja. Mtoto wa kiume mwingine naye alifariki, akaacha mke na watoto wadogo ambao siku hizi wako Tanga.

Mtu anaweza kuuliza: je, mnunuzi wa mlango yeye alitaka saini ya nani? Hakutaka ya mtu. Mlango unafunguliwa bawaba, unapakiwa, fedha zinahesabiwa mkononi. Kuibomoa nyumba kipande kipande kulihitaji ndugu mmoja akubali. Kuitengeneza kulihitaji warithi wote tisa. Kwa maoni yangu hili ndilo linalozimaliza nyumba zetu, kuliko wanunuzi na kuliko mvua. Na kikundi kinachojua nakshi, kinachojua historia, kinachojua hata uwiano wa chokaa na mchanga, kisipojua mirathi kitabaki kupiga picha nyumba zikianguka.

Tulimwomba sheikh mmoja anayeheshimika mjini atuonyeshe hesabu ilivyo, kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumza kwa hisia. Alichukua karatasi. Mzee aliacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumuni, sehemu moja kwa nane. Saba zilizobaki zinagawanywa kwa watoto, wa kiume akipata mara mbili ya wa kike, na hapa hesabu inatoka sawasawa: kila binti moja ya nane, kila kijana mbili ya nane. Lakini kijana mmoja alikufa baada ya baba na kabla ya mgawanyo, kwa hiyo fungu lake nalo linarithiwa: mama yake sudusi, sehemu moja kwa sita, mkewe thumuni, kilichobaki kwa wanawe.

Kodi ya vyumba viwili vya mbele ilikuwa shilingi 160,000 kwa mwezi. Thumuni yake ni 20,000. Ndilo fungu la binti mmoja. Mke wa kijana aliyefariki, katika 40,000 za mumewe, anapata 5,000. Sasa jiweke mahali pa binti wa Unguja. Paa linataka mamilioni. Ukilitengeneza, umewatengenezea wenzako sehemu saba na wewe mwenyewe moja. Na ukilitengeneza kwa fedha yako peke yako, kuna la kuogopesha zaidi, ambalo binti mkubwa alitutamkia wazi: "Nikitia bati leo, kesho watasema najimilikisha." Hakuna uzembe hapo. Kila mmoja anafanya lililo la busara kwa upande wake, na paa linaendelea kuvuja.

Kodi yenyewe miaka yote alikuwa akipokea binti mkubwa, ikiishia kwenye chakula na dawa za Bibi. Ndugu walijua, hawakulalamika, lakini hawakuwahi kulizungumza pia. Jambo la namna hiyo lisipozungumzwa mapema linakuja kuwa kesi.

Kikao cha familia

Kikundi kilifanya uamuzi ambao baadhi ya wenzetu waliuona wa ajabu: tukaweka nakshi pembeni na kuwa makarani wa familia. Hatukuwa wasuluhishi, maana hatuna haki hiyo, wala hatukutaka kujua siri za watu. Tulitafuta nakala ya cheti cha kifo. Tuliuliza Mahakama ya Mwanzo inataka karatasi gani. Mwalimu aliyewafundisha wawili kati ya ndugu hao ndiye aliyewapigia simu mmoja mmoja, na nadhani mtu mwingine angepiga wasingepokea. Siku ilichaguliwa baada ya arusi ya jamaa yao, wakati wengi wapo mjini na hakuna aliyelipa nauli kwa ajili ya ugomvi.

Walikaa sebuleni juu, kaka wa Muscat kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Mambo mawili ya kikao kile yanastahili kuandikwa.

La kwanza ni mke wa yule kijana aliyefariki. Hakuwa amealikwa. Mmoja wa ndugu alisema huyo alishaolewa kwingine, habari yake imekwisha. Sheikh akajibu bila kupandisha sauti kwamba kuolewa tena hakumtoi mwanamke katika mirathi ya mume aliyekufa, haki yake ilithibiti siku ile ile ya kifo, na watoto ni damu yao hata mama yao akiolewa wapi. Akaongeza kwamba kikao bila yeye hakina maana, kwa sharia na kwa mahakama. Palikuwa na ukimya usiopendeza. Mwishoni Bibi mwenyewe akasema, "Mpigieni mkwe wangu," na akapigiwa hapohapo. Alikuja kutoka Tanga wiki iliyofuata, akakaa karibu na Bibi, na kikao kikaanza upya.

La pili lilitushangaza sisi wa kikundi. Binti wa pili, yule aliyekuwa tayari kuuza mlango, aliulizwa na kaka yake kwenye simu: fedha zile ulitaka kuzifanyia nini? Akafungua mkoba, akatoa karatasi. Ilikuwa bei ya mabati na mbao kutoka duka la vifaa vya ujenzi, tarehe ya mwezi mmoja kabla ya mnunuzi kuja. "Mama analala chini ya ndoo," alisema. "Nilitafuta kitu ndani ya nyumba hii kinachouzika bila kuwasubiri nyinyi." Huyu ndiye tuliyekuwa tukimzungumza vikaoni kama adui wa urithi. Katika familia nzima ni yeye peke yake aliyekwenda dukani kuuliza bei ya bati.

Wao wenyewe ndio waliompendekeza awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari uliandikwa, ukasainiwa na waliokuwepo, na maombi yakapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo. Tangazo likabandikwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakujitokeza mtu, naye akateuliwa. Wengi hudhani msimamizi amepewa nyumba. Hakupewa. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kumpa kila mrithi haki yake na kupeleka hesabu mahakamani. Lakini sasa palikuwa na mtu mmoja anayeweza kutia saini.

Mvua haikungoja mahakama

Yote haya yalichukua miezi, na masika yakaingia katikati yake. Fundi alisisitiza tangu mwanzo kwamba kukinga na kutengeneza ni mambo mawili tofauti, na alikuwa sahihi kabisa. Kutengeneza kunahitaji mwenye mali. Kuzibua mfereji, kutandika turubai na kusimamisha nguzo za mikaratusi chini ya boriti zilizooza hakubadilishi chochote ndani ya nyumba, kunaondolewa siku yoyote, na ruhusa ya anayeishi humo inatosha. Michango yetu ilitosha upande wa mbele na chumba cha Bibi. Upande wa jikoni haukufikiwa. Usiku mmoja wa Aprili ukuta wa jikoni uliangukia uani. Hakuumia mtu, na asubuhi majirani walibeba mawe wakayapanga kando ya kisima, kwa sababu tumbawe zuri halitupwi.

Baada ya saini, mfuko ulitoa fedha za vifaa vya paa la mbele. Kwa malipo ya mafundi, ndugu walikubaliana, na wakaliandika, kwamba kodi ya mwaka mzima iingie kwenye akaunti ya nyumba baada ya kutoa matumizi ya Bibi, ndipo mgao wa thumuni uanze. Saruji ya nyuma ilibanduliwa yote. Chokaa ilizimwa shimoni uani na kuachwa ilale kwa wiki kadhaa kabla ya kuchanganywa, kipimo kimoja kwa vitatu vya mchanga usio na chumvi. Vijana wa kazi walilalamika kwamba inachelewa kukauka. Fundi aliwaambia kuchelewa huko ndiko kunakoipa nguvu, kwa kuwa chokaa inakomaa kwa hewa na siyo kwa haraka ya mtu.

Penye boriti tulibishana. Wapo waliotaka mikoko kwa mikoko. Lakini misitu ya mikoko ni hifadhi, kuvuna kunataka kibali, na boriti ndefu zilizonyooka ni adimu. Msimamizi alichagua mbao za mitiki kwa zile zilizooza kabisa na kuziacha za zamani zote ambazo kisu kilikataa kuingia. Naona alichagua vizuri. Anayetaka mikoko yote ya asili kwenye dari moja aseme ikatwe kutoka ufukwe gani, kwa sababu ufukwe huohuo ndio unaozuia bahari isiule mji.

Mlango uko palepale. Rangi ya kijani haijaondolewa. Tumeshauri isiguswe kwa msasa mpaka apatikane mtu anayejua kuibandua bila kula nakshi.

Yaliyobaki

Sitaki mtu aelewe kwamba mambo yamekwisha. Fungu la watoto wa marehemu linawekwa akiba mpaka wafikie umri, na mama yao anataka aonyeshwe kitabu cha benki kila baada ya miezi mitatu, jambo ambalo baadhi ya shemeji zake wanaliona dharau na mimi naliona haki yake. Kaka wa Muscat ana mtu anayetaka kukodi nyumba nzima aifanye ya kulala wageni. Kodi yake ingemaliza ukuta wa jikoni kwa mwaka mmoja, lakini Bibi angehamia wapi? Binti mkubwa hataki hata kulisikia. Katika hilo kikundi hakina kura, na tumeiambia familia hivyo. Tulichowaomba ni kimoja: makubaliano yoyote ya kukodisha yataje chokaa, yataje mlango, na yakataze saruji.

Daftari letu la nyumba tumelichora upya. Zamani lilikuwa na safu ya picha, ya mwaka wa ujenzi na ya hali ya nakshi. Sasa, kabla ya hizo zote, kuna safu inayouliza jina lililo kwenye hati, kama mwenye jina yu hai, na kama hayupo, kama msimamizi ameteuliwa. Mama lishe ndiye anayeijaza kwa kasi kuliko wote. Nyumba nne za upande uleule wa barabara zina jina la marehemu, na katika moja kati ya hizo warithi wamekubali kukaa baada ya Idi. Mwalimu ameshaanza kupiga simu.